Yoga ya Tupokigwe, Iringa hadi Uyole

Waliomfahamu Tupokigwe tangu utotoni wanasema hakuwa mtoto wa kukaa. Kanisani alihama benchi kabla mahubiri hayajafika katikati, na nyumbani kwao Uyole mama yake alimtuma dukani hata pasipokuwa na haja ya kitu, ili mradi amtoe miguuni pake. Alipoolewa Iringa na kufungua kibanda cha ushonaji karibu na soko kuu, ndugu zake walishangaa kwamba mtu wa namna ile amechagua kazi ya kukaa kutwa kwenye cherehani. Yeye alijibu kwamba miguu inakanyaga na mikono inasukuma kitambaa, kwa hiyo hakai.

Mgongo ndio uliomsimamisha. Baada ya miaka ya kuinamia sare za shule na magauni ya kipaimara, asubuhi moja alishindwa kuinuka kitandani. Mumewe Sosthenes, fundi wa malori kule Ipogolo, alimbeba hadi kwenye bajaji kwa uangalifu uleule anaobebea giaboksi. Hospitalini walimpa dawa, kisha wakampeleka kwa Paskalina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama wa Kihehe mwenye sauti ya chini, ambaye jioni aliwakusanya wanawake wenye migongo mibovu katika ukumbi wa parokia na kuwanyoosha. Mwanzoni walikuwa wengi. Siku mmoja wao alipouliza mazoezi haya yanaitwaje, Paskalina hakuficha, akasema ni yoga. Wiki iliyofuata nusu ya ukumbi ilikuwa tupu. Kuna waliokuwa wamesikia kwamba yoga ni ibada ya miungu ya mbali, na kuna waliokuwa wamesikia tu kwamba wenzao wamesikia.

Tupokigwe alibaki, na wala si kwa ujasiri. Mwisho wa mazoezi walilala chali, mikono wameiachia, na Paskalina akawaambia wasifanye lolote ila kusikiliza pumzi zao. Hapo ndipo ulipokuja muda mfupi, pengine wa kumeza mate tu, ambao kile kitu kilichokuwa kikimsukuma kifuani tangu utotoni kilinyamaza. Hakujua kwamba kinaweza kunyamaza. Alipokwisha kujua, aliutaka muda ule tena kesho yake, na keshokutwa.

Ndiyo kwanza alikuwa amezoea kuamka alfajiri nyumbani kwake Kihesa, akatandika mkeka sebuleni kabla binti yake Happy hajaamka kwenda shule, simu ikaja kutoka Uyole. Kaka yake Lutengano alisema mama ameanguka shambani, kwenye viazi. Ni kiharusi. Upande wa kulia hausikii, na maneno yamepotea.

Lutengano alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupanga mambo. Mkewe Bupe alikuwa na genge la kuangalia na watoto wadogo, asingeweza kumgeuza na kumwogesha mgonjwa peke yake. Wakakubaliana, na Sosthenes akakubali, kwamba Tupokigwe atakuwa wiki mbili Uyole, wiki mbili Iringa, hadi mama atakapopata nafuu. Hakuna aliyeuliza asipopata nafuu itakuwaje.

Ndivyo alivyoanza maisha ya barabarani, na kile kitu kifuani kikapata chakula. Akiwa Uyole aliwaza magauni aliyoyaacha yamekatwa bila kushonwa, na Happy, ambaye siku hizi alijibu simu kwa neno mojamoja. Akiwa Iringa, simu ikiita tu, sindano ilimchoma kidole. Na ndani ya basi ilikuwa mbaya zaidi. Mafinga, Makambako, Igawa, vituo vilipita dirishani, mwili umefungwa kwenye siti, roho ama imeshatangulia mbele ama imekataa kuondoka nyuma.

Kabla ya safari ya kwanza alikuwa amemuuliza Paskalina atafanyaje huko njiani. Paskalina alimwambia mkeka si lazima. Penye nafasi ya kulala alale, pasipo na nafasi ya kulala asimame, na pasipo na nafasi ya kusimama apumue alipokaa. Ukumbini maneno hayo yalionekana mepesi. Barabara ilimfundisha vingine. Makambako, basi lilipowaruhusu watu kushuka kula, alisimama nyuma ya vyoo, akanyoosha mikono juu na kuinama taratibu hadi vidole vikagusa viatu. Alipoinuka alimkuta kondakta amesimama pembeni na chupa ya maji, akimuuliza kama ana kizunguzungu. Safari nyingine alijaribu kupumua ndani ya basi kama alivyofundishwa, kwa kina na polepole, macho amefumba. Baba aliyekaa naye alimwekea mfuko wa plastiki mapajani bila kusema neno, kisha akasogea kuelekea kwenye njia.

Na mara moja lori lilipinduka mbele ya Chimala, barabara ikafungwa, abiria wakalala kwenye nyumba za wageni za pale mjini, kati ya maghala ya mchele. Asubuhi mwenye nyumba, mama mtu mzima aliyejitanda ushungi, alimkuta Tupokigwe uani anazunguka na mkeka wake kwapani, anatafuta pa kuutandika. Yule mama alimwonyesha kona safi, akamwelekeza kibla kilipo, na kumletea birika la maji. Tupokigwe aliona haya kumwambia kwamba yeye ni Mkristo, Mmoraviani. Alishukuru, akanawa, akafanya mazoezi yake yote akielekea kibla, na safari nzima iliyobaki alisikia aibu kana kwamba amemwibia yule mama kitu.

Kuna siku alizoruka. Aliruka moja kwa uchovu, ya pili kwa sababu ameshairuka ya kwanza, kisha wiki nzima ikapita. Siku hizo mgongo ulirudi kukaza, na ulimi pia. Sosthenes alizoea kutambua. Alimwangalia anavyopanga vikombe, akamwambia aende sebuleni, yeye atachemsha chai. Hakuwahi kuuliza yoga ni nini hasa. Alikuwa ameona matokeo yake, na kwa fundi hilo lilitosha.

Uyole mkeka ulitandikwa kwenye chumba cha mama, kati ya kitanda na kabati, kwa kuwa hapakuwa na sehemu nyingine. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi kama maji ya mto. Mama yake alilala ubavu wa kushoto, uso umeelekea mkekani, akimtazama binti yake anavyojikunja na kujikunjua. Haikujulikana anafikiri nini. Katika maneno yake yote kiharusi kilikuwa kimemwachia machache: maji, ndiyo, na neno moja lililomtoka kwa kila jambo, atake asitake. "Bado." Ukimuuliza kama ameshiba, bado. Ukimuuliza kama anamkumbuka marehemu mumewe, bado. Alijua kwamba silo neno analolitaka, na mara nyingine machozi yalimtoka kwa hasira.

Basi ilikuwa alfajiri ya baridi, na Tupokigwe amefika mwisho wa mazoezi. Alijilaza chali, viganja wazi, macho amefumba, akajifunika kanga nyeupe hadi kifuani kwa sababu ya ubaridi. Juliana, jirani wa miaka mingi, alikuwa na desturi ya kumletea mgonjwa maziwa kabla ya kwenda shamba. Alisukuma mlango kwa kiwiko, akaangalia chini, akapiga yowe lililosikika hadi barabarani. Maziwa yakamwagika. Tupokigwe alishtuka, akaketi ghafla na kanga yake, na hilo ndilo lililomaliza mambo, maana Juliana alikimbia hadi uani huku akilitaja jina la Yesu.

Jua lilipochomoza majirani walishakuwa uani. Lutengano aliitwa kutoka zizini. Aliwatuliza watu, akawashukuru, akawasindikiza hadi njiani, ndipo akaingia ndani na Bupe. Aliongea bila kupandisha sauti.

"Kulala kule kunaitwaje?"

Tupokigwe angeweza kusema ni mapumziko. Alikuwa amechoka mno kutunga. "Mwalimu wetu huita mkao wa maiti," alisema.

Bupe aliweka mkono mdomoni.

"Mama yupo hapo juu, nusu ya mwili imekufa," Lutengano alisema, "na wewe unajilaza chini, kando ya kitanda chake, kama maiti. Na jina lenyewe ni hilohilo. Mdogo wangu, mambo hayo kafanye Iringa kwa mumeo. Si humu."

Hakubishana. Alikunja mkeka, akausukuma uvunguni. Moyoni hakuwa hata na hakika kwamba kaka yake amekosea.

Siku zilizofuata hakukaa. Aliosha sufuria zilizokuwa safi. Alipalilia bustani ya Bupe hadi Bupe akamwomba aache, maana sasa anang'oa na mboga. Alishuka hadi sokoni Uyole, akazunguka kati ya magunia ya viazi na mahindi, akapanda kurudi bila kununua kitu. Alimkaripia mtoto wa kaka yake kwa kuacha mlango wazi, na mtoto alipolia, yeye alitoka nje akasimama nyuma ya choo. Aliwaza kupanda basi, arudi Iringa kabla zamu haijaisha. Kisha aliwaza Iringa, na hakuona kama kule kungekuwa na nafuu yoyote.

Na mama naye alibadilika. Alfajiri alianza kugugumia, mkono mzima ukipapasa blanketi huku na huku. Uji aliukataa. Bupe alisema ni dalili mbaya, Juliana akakubaliana naye kwa kichwa, na Lutengano akaanza kulala kwenye kiti chumbani mle ili kama ni mwisho asipitwe.

Asubuhi moja Tupokigwe aliingia na mashuka masafi akamkuta kaka yake ameshika kikombe cha uji ambacho mama amekigeuzia uso. Alipoinama kuvuta shuka, mama alimshika kitenge kwa mkono wa kushoto, kwa nguvu ambayo hawakujua bado anayo.

"Bado," alisema.

Walimpa maji. "Bado." Walimgeuza upande wa pili, akagoma, wakamrudisha. "Bado, bado," na sasa alikuwa anakasirika, mdomo ulioenda upande ukijaribu kukamata neno lingine na kulikosa. Ndipo akaacha kusema. Alifumba mdomo, akavuta pumzi ndefu kwa pua, yenye sauti, akaishikilia, akaitoa polepole. Akafanya tena. Macho yake yalikuwa sakafuni, pale kati ya kitanda na kabati.

Tupokigwe alielewa tangu pumzi ya kwanza, akaogopa kusema. Lutengano alichelewa kuelewa, au alitaka kuchelewa.

"Anataka nini?" aliuliza hatimaye.

"Anataka nipumue," Tupokigwe alisema. "Alizoea kunisikia asubuhi."

Lutengano alitazama kikombe mkononi mwake. Alikitazama muda mrefu kwa mtu aliyejua kilicho ndani yake. Halafu alikiweka kwenye kiti, akachukua koti lake, akasema anakwenda kumwangalia ng'ombe. Mlangoni alisimama.

"Funga vizuri," alisema bila kugeuka. "Juliana asije akaona."

Mazoezi ya siku ile yalikuwa mabaya kuliko yote aliyowahi kufanya. Nyonga zilikuwa zimekaza, kisogo kilimuuma, na akili ilikuwa uani inasikiliza nyayo za kaka yake. Alivuta pumzi kwa sauti zaidi kuliko kawaida ili zifike kitandani. Kabla hajafika mwisho mama alikuwa amelala, mkono umetulia juu ya blanketi. Tangu hapo, kila alipokuwa Uyole, Lutengano alikuwa na kazi zizini saa ile. Hawakuwahi kulizungumza. Hakubadili mawazo yake kuhusu yoga, na kanisani alipoulizwa alisema dada yake ana maradhi ya mgongo.

Ilienda hivyo mvua zote, na baridi ikaingia. Mama alifariki katika wiki za Iringa, alfajiri, usingizini. Simu ya Bupe ilimkuta Tupokigwe Kihesa, anakunja mkeka.

Ndani ya basi alipiga hesabu moja tu, na hakuweza kuiacha. Saa ile mama anakata roho, yeye alikuwa amelala chali kwenye sebule yake, viganja wazi, na alikuwa ametulia. Ametulia kuliko siku nyingi. Hakuhisi chochote, hata mshtuko wa kumwambia kwamba kuna jambo. Yowe la Juliana lilimrudia tangu Mafinga hadi Uyole. Msibani alipika, alipokea wageni, alibeba maji, alihangaika na mahema, na wanawake wakamsifu kwa nguvu zake. Baada ya mazishi alimfuata kaka yake zizini akamwambia.

"Nilikuwa nimelala vile, kaka. Saa ileile."

Lutengano alikuwa anafunga kamba. Hakumtazama, kwa sababu naye macho yake hayakuwa ya kutazamwa.

"Mimi nilikuwa nakamua ng'ombe," alisema. "Nipo ukuta wa pili, na sikusikia kitu. Kila mtu alikuwa mahali fulani, Tupo."

Alirudi Iringa akidhani kwamba sasa safari zimekwisha atapumzika. Haikuwa hivyo. Mwili ulikuwa umeshazoea. Kila wiki mbili zilipofika uliamka usiku wa manane ukiwa tayari, ukitafuta begi. Mkeka aliutandika, akalala, na papo hapo kitu kilimnyanyua, akajikuta jikoni amesimama katikati bila kujua amefuata nini. Kwa Paskalina aliacha kwenda. Mchana alifunga kibanda mapema, akashuka hadi Ipogolo, akasimama karibu na mabasi ya Mbeya yanapopakia. Sosthenes alimwona kutoka gereji yao, mara ya kwanza, na mara ya pili. Mara ya tatu alijifuta oili mikononi, akavuka barabara.

"Mama Happy, unasafiri?"

"Naangalia tu."

Alimpeleka kwa mama ntilie, wakanywa chai, mabasi yakaondoka mbele yao. Kisha Sosthenes alisema kwamba kuna dereva ameleta ujumbe kutoka Idodi. Shule moja ya kule inatafuta fundi wa kuja kuwapima watoto sare. Alikuwa amefikiria kukataa kwa niaba yake, kwa sababu ya uchovu wa msiba. Sasa anaona bora amuulize mwenyewe. Tupokigwe alisema ndiyo kabla hajamaliza.

Mkeka aliuacha nyumbani kwa makusudi. Barabara ya Idodi ilimteremsha kutoka kwenye baridi ya mlimani hadi kwenye joto na vumbi jekundu, kwenye kijiji asichokuwa na mtu wa kumuuguza wala wa kumlilia. Alipima watoto kutwa nzima, mabega, viuno, urefu wa mikono, nao walicheka alipowafikishia futi kwapani. Alasiri alirudi kwenye chumba cha wageni, joto limejaa ndani. Godoro lilikuwa la moto. Alilala sakafuni, kwenye saruji tupu, kwa ajili ya ubaridi tu.

Hakukusudia chochote. Aliachia mikono kwa sababu ilikuwa imechoka. Pumzi ziliingia na kutoka, akazisikia, akakumbuka ni nani mwingine aliyekuwa akizisikia, na hapo akalia, kilio ambacho msibani hakikupata nafasi kati ya masufuria na mahema. Alilia akiwa chali, machozi yakiingia masikioni. Hakuinuka kutafuta cha kufanya. Kilio kilipokwisha aliendelea kulala palepale, hadi mbuzi wa jirani walipopita dirishani wakirudi zizini.

Kesho yake alfajiri alitandika kanga sakafuni akaanza upya, tangu mwanzo, polepole, kwa mwili uliokuwa umekakamaa kama ukuni. Basi la Iringa huondoka Idodi asubuhi. Alikuwa amekwisha kufunga begi, futi na vipimo vyote vimo ndani. Alikuwa ndiyo kwanza amelala chali honi ilipopigwa kituoni, mara ya kwanza, ya kuwaita abiria. Miguu yake yote miwili ilishtuka. Honi ikapigwa tena. Alisikia mlango wa basi ukigongwa, na konda akiita Iringa, Iringa, na injini ikipanda. Kile kitu kifuani kilisimama wima. Yeye hakusimama. Alilisikiliza basi hadi lilipopanda kilima na mlio wake ukapotea.

Baadaye, jua limeshapanda, alimpigia Sosthenes simu kumwambia kwamba atakuja kesho.

"Kuna tatizo?"

"Hapana. Basi limeondoka, nami sikuwa nimemaliza."

Kwa nyuma zilisikika nyundo za gereji. Sosthenes akasema sawa, Happy atapika, na akauliza kama huko Idodi kuna joto.

"Lipo sana," Tupokigwe alisema, akatoka kwenda kutafuta chai.